Mgonjwa Mmoja, Mgeni Mmoja

Siku hizi treni ya mjini haibebi watu, inabeba thamani. Unaliambia lango la stesheni unakwenda wapi na kufanya nini, nalo linapima safari yako ina faida gani kwa jamii, uchumi na mazingira. Ikipungua, unarudi nyumbani. Magari walishayaondoa, eti hewa iwe safi.

"Naenda Pugu kumwona mama, anaumwa," nililiambia kwa siku ya nne.

"Mgonjwa mmoja, mgeni mmoja," likajibu. "Safari haina thamani."

"Kwani wewe ulizaliwa na nani?" nikafoka.

Mlinzi akanivuta pembeni. "Dada Siwema, usigombane na chuma. Ungekuwa msiba lingekupitisha. Msibani wanakwenda wengi, treni inajaa."

"Kwa hiyo nimwombee mama afe?"



Siku ya tano nilifika asubuhi na chupa ya uji, matusi nimeshayapanga. Kabla sijafungua mdomo, lango likafunguka lenyewe.

"Pita, Siwema," likasema kwa upole. "Safari yako ina thamani."

Nikaiweka chupa chini, nikalishika lango kwa mikono miwili, nikaanza kulisukuma lijifunge.