Povu la Kwanza

"Onja," mzee Burito alisema. "Na usiteme."

Ua ulikuwa umejaa watu kama siku ya mazishi. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu kijiji kizima cha Guta kimzike Revocatus hapo hapo. Alikutwa Jumamosi usiku amekufa mezani, mbele yake sahani ya sato iliyomwagiwa rojo ya muhogo mchungu.

Maji ya muhogo ule yakiwa mabichi yanaangusha ng'ombe. Yakichemshwa mpaka povu liishe yakawa rojo, mtu analamba mpaka kiwiko.

Basi wazee walikata shauri. Jenipher, mjane wake, apike mbele ya watu vile vile alivyompikia mumewe, halafu aonje. Akikataa, arudi kwao Butiama. Watoto wabaki.

Tangu asubuhi alikuna muhogo, akakamua maji yake, akachochea moto. Povu la kwanza likapanda jeupe, harufu ikaamsha njaa ua mzima. Hakuipua.

"Si imeiva hiyo?" Yuliana, mama mkwe, alifoka. "Unamaliza kuni tu! Kupika mvivu, kuua hodari."

Wanawake wakaguna. Jenipher akakoroga mpaka povu likakatika na rojo ikang'ang'ania mwiko, nyeusi tii.

Akaonja. Vijiko vitatu.

Wakakaa wanamtazama kama wanasubiri basi. Saa tisa ikafika, bado anapumua, tena anaosha vyombo. Burito, baba mkubwa wa Revocatus, akashindwa na njaa. Akamega ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, akachovya. Wengine wakamfuata mbio.

Jenipher akamsogezea Yuliana sahani. "Karibu, mama."

"Na vidonda vya tumbo hivi? Mwaka wa tatu huu silagi rojo."

"Shemeji," Burito akasema, mdomo umejaa, "huyu mtoto wa watu hana kosa. Muombe radhi."

"Radhi ya nini? Kutwa nzima anachemsha sufuria moja! Mimi juzi juzi kuni zilinipungukia, povu la kwanza tu nikaipua, na ilinukia kuliko hii. Revo alipopita Jumamosi ile nikamjazia chupa. Akacheka, akasema, mama, leo ya mke wangu siigusi, nakula ya kwako."

Ua mzima ukaacha kutafuna.

"Na chupa yangu," Yuliana akasema, "hajairudisha mpaka leo."