Ng'ombe wa Mseti

Tangu asubuhi Mseti alikuwa ameshapiga viatu rangi mara tatu, na jiwe la mpaka lilikuwa pale pale, hatua mia mbili tu kutoka banda la chai alimokaa. Ng'ambo ya jiwe ni Tanzania. Miaka kumi alikuwa akiota kuvuka, na sasa miguu imegoma.

Si kwamba aliwaogopa askari. Ni kweli mpaka ulikuwa umefungwa tangu mwaka sabini na saba, lakini watu wa magendo walipita kwenye mahindi na sabuni zao kila siku ya Mungu. Alichoogopa ni jibu la swali moja. Je, Waisiko bado anamngoja?

Akaitazama mikono yake, ilivyokwisha kwa kuchuma chai ya Kericho, akaikumbuka safari yote. Alikwenda peke yake, na alikwenda kwa sababu ya ng'ombe. Wenzake wa kijijini kwao, Nyanungu, walioa kwa ng'ombe wa mahari za dada zao. Yeye hakuwa na dada, wala kaka. Nyumba nzima ya mama yake, Mogesi, ilikuwa yeye tu. Na mzee Ryoba, baba yake Waisiko, alikwisha sema wazi kwamba binti yake hatoki kwa maneno matamu. Waisiko mwenyewe alimsindikiza mpaka mtoni.

"Nenda," alimwambia. "Mimi sitaingia nyumba nyingine ila ya kwenu."

Basi akachuma chai. Kila alipopata hela alimtumia mama, mama akanunua ndama, akamwomba mwalimu wa shule amwandikie barua kwamba zizi linajaa. Kisha watu wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, mpaka ukafungwa, barua zikakatika. Mseti akaugua kifua, akalazwa miezi mingi. Alipopona alisikia kuna mtu wa kwao amerudi akatangaza kwamba Mseti amekufa. Siku hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Jua lilipopanda akamwona Athuman, mfanyabiashara wa Tarime, mtu mzima aliyekuja kufuata sabuni na aliyekuwa akiuza kanga katika magulio yote mpaka Nyanungu. Walifahamiana hapo hapo mpakani. Mseti akamnunulia chai, akamuuliza habari za mvua, za mihogo, za wizi wa mifugo, akazunguka weee, mwisho akalitaja jina la Waisiko kama mtu asiyejali.

"Wa mzee Ryoba? Huyo namjua, mteja wangu," Athuman akasema. "Ameolewa yule. Mwaka wa tatu huu. Nasikia zizi zima lilitolewa, gulioni hapakuwa na habari nyingine. Na mtoto anaye."

Mseti akaweka kikombe chini, chai ikamwagika mpaka kwenye vile viatu. Athuman akaona ameharibu, akaanza kusema kwamba mambo hayo aliyasikia juu juu tu, akirudi ataulizia vizuri ni kwa nani hasa.

"Usiulize," Mseti akasema. "Hilo jina sitaki kulijua mpaka naingia kaburini."

Ungemwona ungemhurumia. Miaka kumi! Alikula mhogo mkavu ili ndama wapatikane. Alilala kambini na kikohozi, akawapita wanawake wazuri kana kwamba haoni, kwa ajili ya nani? Alitaka kulia, machozi yakakataa. Alitaka kutukana, akakosa wa kumtukana. Nyumbani angekwenda kufanya nini, kupishana naye kisimani amembeba mtoto wa mtu? Alijua mama yupo, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi, lakini hata kwa ajili ya mama hakuuona mguu wa kuvukia.

Akafungua sanduku lake la bati, akatoa blanketi jekundu la mama. Kanga alizomnunulia Waisiko akamwambia Athuman ampelekee mkewe, Mwantumu. Kisha akamshika mkono, akamwapisha.

"Mpe mama yangu, Mogesi wa Nyanungu, hili blanketi, lakini usiseme umeniona. Walisema nimekufa, basi nimekufa. Apa."

Athuman akamsihi sana avuke walau akamwamkie mama yake, halafu ageuze siku hiyo hiyo. Mseti akawa anatikisa kichwa tu. Mwishowe yule mzee, kwa huruma, akaapa kwa Mungu wake. Lori la magunia lilikuwa limeshawashwa barabarani. Mseti akalipanda, wala hakuuliza linakwenda wapi.

Siku ya pili yake Athuman akapiga hodi kwa Mogesi, huko kijijini Nyanungu. Zizi lilikuwa tupu, limeota majani. Akamwamkia, akampa blanketi, akasema ni sadaka kutoka kwa mtu mwema. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka shavuni.

"Na mimi nina baridi tangu mwanangu afie Kenya," akasema. "Lakini nyumba yake sikuiacha izimike. Ng'ombe wake, wale aliowatolea jasho, niliwatoa wote, nikaoa mke kwa jina lake, kama mila yetu inavyoruhusu, ili watoto wawe wake. Ngoja nimwite akupe maji."

Aliyetoka na kata ya maji ni Waisiko, na mtoto ameng'ang'ania nguo yake.

"Mseti," akamwambia yule mtoto, "mwamkie mgeni."