Namba ya Kifo cha Thuo

Uso haukuwepo. Toroli ya reli ilikuwa imeteremka kutoka Njoro bila breki, ikakutana na treni ya mizigo, na mwanamume aliyekuwa juu yake aliletwa hospitalini Nakuru akiwa amefunikwa gunia.

Wamuyu alifunua upande wa miguu. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole kwa kidole, kama mtu anayejifunza njia ngeni.

"Ni yeye," akasema. "Ni mume wangu, Thuo."

Askari aliyemleta Wamuyu kutoka shamba la mzungu alipumua. Tangu hali ya hatari itangazwe, Thuo alikuwa akisakwa kutoka Molo hadi Naivasha, na nyumba ya Wamuyu ilikuwa imekwisha kuchomwa moto kwa ajili yake. Kimo cha maiti kilifanana na chake, ndiyo maana mke akaitwa. Askari akasema kazi imekwisha, akatoka nje kuvuta sigara.

Ikabaki kazi ya karani. Khisa, mtoto wa fundi wa reli, alikuwa na kitabu kinene kilichoipa kila aina ya kifo namba yake: aliyeanguka kutoka gari la ng'ombe, aliyepigwa teke na farasi, aliyepondwa relini. Alimweleza Wamuyu kwa upole kwamba bila namba cheti hakitoki, na bila cheti marehemu hazikwi.

"Alikuwa mfanyakazi wa reli, mama?"

Wamuyu alisita. "Hapana. Mtu tu."

Khisa akashusha sauti. Waliokufa kwa ajali walikuwa na namba yao, na waliojiua walikuwa na yao, na padre hakukubali kuwazika hao wa pili. Je, kuna mtu aliyejua kama marehemu alikusudia?

"Andika ajali," Wamuyu akasema. "Huyu ni mtoto wa watu. Azikwe vizuri."

Khisa akaandika. Hapo ndipo mwanamke alipolia, tena kwa uchungu uliomfanya karani aweke kalamu chini. Alimtaja mama wa marehemu, akamwomba msamaha mara nyingi, hata Khisa akadhani labda ni mkwe waliyekosana naye.

Mazishi yalikuwa mchana uleule. Padre alisoma upesi, askari akangoja mpaka shimo likajaa, kisha Wamuyu akarudishwa shambani kwa lori. Askari waliokuwa wakilinda mlango wa kibanda alichopewa baada ya nyumba kuchomwa walikuwa wamekwisha kuondolewa.

Alichota maji. Akaingia ghala la pareto, akapita katikati ya magunia mpaka ukutani, akasogeza moja kando.

Mkono ukatoka gizani, ukapokea kikombe.

"Wamenizika?" Thuo akauliza.