Honi Kwenye Kona

Nilikata usukani wote kushoto, nikabonyeza honi. Kimya. Nikaunyoosha, nikabonyeza tena, ikalia mpaka mwenye gari akaziba masikio.

"Si unaona," alisema. "Inalia ikijisikia."

Mwezi uliopita gari hilihili lililetwa gereji kwangu baada ya kumvunja mguu mwendesha baiskeli. Dereva, shemeji yangu, aliapa kwamba pale kwenye kona alipiga honi ikagoma. Mimi nikabonyeza mara tatu, usukani umenyooka, ikalia mara tatu. Nikasema mbele ya watu, "Honi nzima hii. Shemeji, kubali tu yaishe." Huyuhuyu mwenye gari akamfukuza kazi palepale. Mpaka leo mke wangu hamtaji kaka yake nikiwepo.

Nilifungua usukani. Chini yake kisahani cha shaba kinachopeleka umeme kwenye honi kilikuwa kinang'aa upande mmoja. Upande wa pili, ule unaoguswa gari likikata kona, ulikuwa umeota kutu. Nikapitisha kidole, kikatoka kijani.

"Ni kitu kikubwa?" mwenye gari aliuliza.

"Kidogo tu. Msasa wa dakika mbili."

Na baada ya hapo asingejua mtu.

"Basi piga, nina haraka."

Msasa ulikuwa tayari mkononi. Niliuweka chini, nikatoa simu.

"Shemeji," nilisema alipopokea. "Njoo gereji. Bosi wako yuko hapa. Honi sijaitengeneza bado."