Skrubu ya Cherehani

Badi alimwamini Shee kama anavyouamini mkono wake wa kulia. Miezi sita iliyopita, kadi kubwa ya michoro kwenye kompyuta yake ya gemu ilipogoma, Shee ndiye aliyeipeleka kwa fundi, akarudi mikono mitupu. "Imeungua, ndugu yangu. Ishakata roho." Na leo Shee huyohuyo ndiye aliyemchagulia nyingine ya aina ileile, nyeupe badala ya nyeusi, mpya kabisa kwa kauli yake.

Kabla ya kuiongezea kasi kupita ile ya kiwandani, Badi aliifungua ili abadilishe pesti ya kupozea joto. Bisibisi ikasita kwenye skrubu ya nne. Ilikuwa fupi, yenye kutu, kichwa kimelika upande mmoja. Aliijua. Aliing'oa mwenyewe kwenye cherehani ya mama yake, akaifunga kwenye kadi ile iliyoungua, skrubu yake moja ilipompotea.

Aliifunga kadi, akawasha kompyuta, akaanza kupandisha kasi. Feni zikavuma. Shee, kando yake na glasi ya sharubati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Badi akapandisha tena, na tena, mpaka rangi kwenye skrini zikaanza kumeguka vipandevipande.

"Punguza, Badi. Utaiunguza."

"Iliungua zamani, Shee. Si wewe uliyeniletea habari?"

Harufu ya plastiki ya moto ikapanda. Shee alinyoosha mkono kuelekea swichi, ukaishia hewani.