Eda ya Aliye Hai

Sheria inasema kila baada ya miaka saba mtu huwa mtu mwingine, na makosa ya yule wa zamani hayamhusu tena. Jumatatu mume wangu Mselemu alitimiza yake saba. Alirudi kutoka kwa karani na cheti mkononi, anachekelea.

"Aliyekuvunja mkono hayupo tena, mama Zuhura. Kesi yako imefutwa. Mimi mtu huyo simjui. Haya, chai yangu iko wapi?"

Nikamtazama. Meno yale yale, jeuri ile ile.

"Kama hayupo, basi amekufa," nikamjibu, "na mimi nimefiwa."

Nikamsukuma nje kwa mkono wangu mzima, nikakomea mlango. "Nakaa eda ya mume wangu, miezi minne na siku kumi! Mwanamume nisiyemjua haingii humu!"

Nikavaa nguo nyeupe. Majirani wanawake wakaja kunipa pole, na hakuna hata mmoja aliyetabasamu.

Walipoondoka, mlango ukagongwa kwa ngumi, bila hodi. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mkono aliouvunja marehemu ulikuwa umeshaanza kuuma.