Kurasa Zilizobaki

Mwaka 1972 bomu la Wareno lililotegwa kando ya Ruvuma lilimpofusha Yeremia. Wodini Newala, jirani yake wa kitanda, mwalimu aliyekatwa mguu, alikuwa akimsomea riwaya nene ya falme na farasi wenye mabawa.

“Porojo,” mwalimu alilalamika. “Sura nzima watu wanatembea tu!”

“Hapo ndipo patamu, ndugu. Nikiwa humo, naona.”

Siku hiyo binti mfalme alikuwa amefika kwenye lango la adui. Mwalimu akasema, “Akauawa. Mwisho.”

Yeremia akanyoosha mkono, akakigusa kitabu kilipofunguliwa. Dole gumba lake likapapasa kurasa zilizosomwa, halafu zilizobaki. Zilizobaki zilikuwa nyingi zaidi.

“Mwalimu, mbona bado?”

“Nimechoka nacho.”

“Basi nitamwomba nesi aniendelezee.”

Mwalimu akazishika zile kurasa, akazichana fungu kwa fungu, taratibu, mwenzake asikie vizuri. Akawapa wagonjwa waliokuwa wakisokota tumbaku barazani, nje ya dirisha.

Yeremia akabaki akilipapasa jalada.

“Kitabu kizuri,” mmoja akasifu kule nje, akipuliza moshi. “Karatasi yake haiungui haraka.”